Mbuzi Watatu wa Luteni

Tangu turudi kutoka kaskazini, kila anayekuja kumwona Mama hapa Kathiani anaondoka amenuna. Mnakaribishwa, mnakaa, mnapewa chai, halafu mnataja jina la ndugu yangu kama mlivyozoea, na Mama anainuka kwenda kuangalia kuku ambao hawana shida yoyote. Wengine mmenivuta kando mkaniuliza kama amerogwa huko. Shangazi alinipigia simu kazini Athi River, nikiwa na rundo la mashati mbele ya cherehani, kuniuliza ni mama wa aina gani anayekwepa jina la mwanawe aliyezikwa kwa bendera na risasi za heshima.

Nimewaeleza vipande vipande, na kila kipande kimenirudia kikiwa kimetiwa chumvi. Kwa hivyo naandika mara moja, mwanzo hadi mwisho, na baada ya hapa mtu asinisumbue. Mtaona kwamba hata mimi silitaji. Mnalijua, kaeni nalo.

Kwa wale ambao hawakumfahamu: ndugu yangu alikuwa luteni wa jeshi, miaka ishirini na sita, na aliuawa vitani karibu na mpaka wa kaskazini. Kikosi chake kilikuwa kinasindikiza lori la maji, wakavamiwa na watu wenye bunduki. Alikuwa kwenye gari la mbele, mahali ambapo luteni hukaa. Siku ya mazishi rafiki yake wa jeshini aliniita nyuma ya choo, akaniambia kuna msichana Msamburu anayeitwa Nasieku, mwalimu wa chekechea, na kwamba ana mimba. Nilikaa na habari hiyo kifuani kama mtu aliyemeza jiwe, hadi mtoto alipozaliwa, mvulana, na Nasieku mwenyewe akapiga simu.

Hapo Mama alifufuka. Aliniuliza jambo moja tu: je, kijana wangu alipeleka mbuzi? Nyinyi mnajua ntheo ni nini, lakini kwa mgeni niseme: kwetu Wakamba, msichana hawi mke wa mtu mpaka mbuzi watatu wafike kwao na mmoja achinjwe hapo. Bila hao mbuzi, mtoto ni wa kina mama yake, na mwanamume aliyekufa hana mke wala mtoto, amepita tu. Nasieku alisema hakuna mbuzi aliyefika. Ndugu yangu alikuwa ameahidi kuwaleta akipewa likizo Desemba.

"Aliahidi," Mama akasema. "Basi watafika."

Na mtoto angepewa jina la baba yake. Hilo ndilo alilokuwa anaendea, mbuzi walikuwa mlango tu. Mama alizika watoto wawili kabla ya ndugu yangu kuzaliwa. Alipompata huyo wa tatu alimpa jina baya makusudi, jina la mnyama ambaye hakuna mtu anayemtaka karibu na nyumba yake, ili kifo kikipita kimwone hana thamani. Jina hilo lilimlinda miaka ishirini na sita. Tangu azikwe, Mama alikuwa akilitaja katika kila sentensi, hata akiomba chumvi.

Mimi nilipinga safari ile waziwazi. Nilimwambia Wasamburu wanaoa kwa ng'ombe, watatucheka. Nilimwambia barabara ile ina majambazi. Sikumwambia kilichokuwa kinaniogopesha kweli, kwamba watamkatalia mtoto na atarudi akiwa amekufa akitembea. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Baki na cherehani yako," akasema.

Nikaomba likizo.

Kathiani hadi Kivaa

Tulipata lori la Mutiso, jirani yetu, aliyekuwa anapeleka maembe Isiolo. Mama alikaa mbele akiwa amepakata picha ya ndugu yangu, ile ya siku aliyovishwa nyota begani, akiwa ameifunga kwa leso. Tulipitia Machakos, tukashuka hadi Kivaa kule Masinga, anakokaa Mjomba Kimeu, kaka yake Mama. Baba yetu alikufa zamani, kwa hivyo msemaji wa mbuzi alikuwa lazima awe Mjomba, na mbuzi wenyewe walikuwa wake.

Mlango wa kwanza wa shida ulikuwa huyo huyo Mjomba. Alikuwa ametuchagulia wasiofaa. Mmoja alikuwa na sikio lililochanika, na Mama alilishika sikio hilo akamwangalia kaka yake. Mbuzi wa ntheo hawi na kasoro. Mjomba akasema sikio haliliwi. Mama akasema basi yeye anarudi nyumbani na watu wote wa Kivaa watajua ni kwa sababu ya sikio. Mjomba akaingia zizini akiguna, akatoka na majike wawili wazuri, mweupe na wa kahawia, na beberu mweusi ambaye alimponyoka papo hapo akaingia katika shamba la mbaazi la jirani. Tulimfukuza hadi jua likawa utosini. Mimi mwenyewe ndiye niliyemkamata mguu wa nyuma, na gauni langu likapasuka mbele ya watu wote. Mutiso alicheka mpaka akakaa chini.

Mke wa Mjomba akatulisha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, tukafungiwa mwingine kwenye ndoo. Mjomba akaomba sala ndefu, halafu akaanza kuikariri hotuba yake, na hakuiacha hadi Isiolo.

Kivaa hadi Isiolo

Kwenye bwawa, kabla ya kuvuka mto Tana, askari kijana alisimamisha lori. Akapanda nyuma, akaona maembe, akaniona mimi, akaona mbuzi.

"Mnaenda wapi na hizi mbuzi?"

"Isiolo," nikasema.

"Mbuzi hazivuki hapa. Kuna ugonjwa. Shusha."

Kabla sijafungua mdomo wangu, ambao mnaujua, Mama alikuwa ameshuka. Akamfungulia picha. Akataja jina la ndugu yangu, jina kamili na cheo, akasema, "Mimi ndiye mama yake. Hizi ni mbuzi za harusi yake."

Askari akachungulia ndani ya lori. "Bwana harusi ako wapi?"

"Ako kaburini," Mama akasema.

Kijana akamtazama Mama, akatazama picha, akatazama mbuzi, kisha akanitazama mimi akitumaini nitacheka. Sikucheka. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akasema ngoja nimwite mkubwa. Mkubwa wake alikuwa amekwenda mahali, na tukakaa kwenye joto lile hadi mchana ukaanza kulegea, maembe yakinuka, Mutiso akilalamika kwamba ataingia sokoni na uji. Tukirudishwa pale, nilijua Mama atatembea kwa miguu akiwaswaga wale mbuzi, na sisemi hivyo kwa kutia chumvi.

Mkubwa alipofika aliwafungua mbuzi midomo mwenyewe, akakagua ndimi na kwato, hakuona kidonda. Halafu akaiona picha mikononi mwa Mama, akavua kofia. "Pitisha hawa," akasema. Yule kijana alitufungulia kizuizi akiwa amesimama mbali kabisa na lori, kana kwamba mbuzi wenyewe walikuwa wametoka kaburini.

Huko juu karibu na Meru baridi ilitukuta ghafla. Mbuzi wa Kivaa hawaijui baridi. Walianza kutetemeka, na kwa kuwa njia nzima walikuwa wanaiba maembe, waliharisha lori zima. Mama alivua shuka lake akawafunika. Mimi nilikaa nikiwa nimewakumbatia wale majike wawili, nikinuka nisivyoweza kuelezea, huku Mjomba akinikaririria, "Sisi watu wa Kathiani na Kivaa tumekuja na miguu yetu." Nikamwambia tumekuja na miguu ya Mutiso.

Isiolo

Isiolo ndipo lami ilipoishia, na ndipo Mutiso alipotuaga. Kutoka hapo magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na msafara haukuwa tayari. Mara tuliambiwa asubuhi, mara mchana, mara kesho. Mwanamke wa hoteli tulipokula alituambia lori lilipigwa risasi juzi huko mbele. Alisema hivyo huku akituwekea chapati na nyirinyiri, ile nyama yao iliyokatwa vipande vidogo na kuhifadhiwa kwenye mafuta. Mjomba alisukuma sahani yake. Mama alimaliza yake na ya Mjomba.

"Unaogopa?" nikamuuliza.

"Ndugu yako alikula hapa," akasema. "Kila akipita. Aliniambia kuhusu hii nyama." Akataja jina lake kwa yule mwanamke, akamwonyesha picha. Yule mwanamke akasema wanajeshi ni wengi, mama, wote wanafanana wakiwa na kofia, lakini akaishika ile picha kwa mikono miwili hadi Mama alipoiomba. Nilimpenda kwa hilo.

Msafara uliitwa ghafla. Tulipanda juu ya lori la mahindi, sisi na mbuzi, na dereva mmoja aliyekuwa amejaza miraa shavuni na hakutujibu salamu.

Barabara ya kaskazini

Nilidhani nimejiandaa. Kwa vumbi lile huwezi kujiandaa. Tuliuvuka mto Ewaso Nyiro, tukapita kituo cha Archers, na baada ya hapo hakukuwa na kitu isipokuwa miti ya miiba na milima iliyokaa mbali. Nilikuwa nikitazama kila kichaka na kufikiria, hapa mtu anaweza kulala na bunduki. Ndugu yangu alikuwa amepita njia hii akiwa mbele. Kwa mara ya kwanza nilimkasirikia. Nilimkasirikia kweli kweli, kwa kukaa mbele, kwa kucheka alipokuwa akituambia huko ni kuzuri.

Springi ya nyuma ilikatika kwa kishindo. Dereva akapiga honi, lakini msafara hausimami kwa lori moja, huo ndio utaratibu. Tuliangalia vumbi la askari wetu likienda zake. Dereva na turiboi wake, kijana wa kupakia mizigo, wakaingia chini ya lori, na kimya kikawa kikubwa hivi kwamba nilisikia mbuzi wakicheua.

Kisha wakatokea. Vijana wanne, warefu, nywele zimepakwa rangi nyekundu, na wawili kati yao walikuwa na bunduki begani. Walitoka kwenye miti upande tuliokuwa hatuutazami. Mjomba alisema "Yesu" kwa sauti ndogo. Mimi nilishikwa na wazo la kijinga, kwamba nikikalia kamba ya mbuzi hawataiona.

Mmoja alipanda juu. Hakunitazama. Akamshika mbuzi mweupe, akampapasa tumbo, akabonyeza, akasema neno kwa wenzake, wakacheka.

"Hii iko na mimba," akaniambia kwa Kiswahili. "Munapeleka wapi?"

Nikasema kwa baba yake Nasieku, mwalimu wa watoto. Wakacheka zaidi. Yule akasema mzee huyo ana mbuzi mpaka hajui sura zao, ni nani huyu anayempelekea mbuzi kutoka mbali hivi, juu ya mahindi. Sikujua kama nicheke au nilie. Roho yangu ilikuwa mkononi bado.

Ndipo Mama akaifungua leso. "Ni za mwanangu," akasema, akataja jina lake kwa fahari yote, jina na cheo, akawainulia picha.

Kicheko kilikatika. Wote wanne waligeuza nyuso. Yule aliyekuwa juu akaruka chini kana kwamba lori limemchoma, akajipangusa mikono kwenye shuka lake. Hawakuitazama tena picha ile. Wakaongea wao kwa wao kwa haraka, na mmoja akaondoka mbio. Nikasema kimoyomoyo, tumekwisha, amekwenda kuita wengine. Mama alibaki ameinua picha, hajui amekosea nini.

Waliobaki walitushushia mbuzi. "Si mbali," yule mmoja akasema hatimaye, akiwa anatazama milima. "Twende."

Tukawafuata. Hatukuwa na njia nyingine, na mpaka leo sijui tulikuwa wageni au mateka mwendo ule wote. Mjomba alitembea akishika Biblia na kamba ya beberu kwa mkono mmoja.

Bomani

Yule aliyekimbia alikuwa amekwenda kutoa habari. Tulipofika, boma lote lilikuwa linatungojea, na walitungojea kimya. Tulipewa mikono, tulipewa viti vidogo vya miguu mitatu, tukapewa maziwa kwenye kibuyu yaliyonukia moshi. Nasieku alitoka. Ni msichana mrefu mwenye meno mazuri, na mgongoni alikuwa na mtoto. Sitawaelezea sana. Mtoto alikuwa na paji la uso la ndugu yangu, lile lile, kama la mtu anayetaka kubisha. Nilianza kulia, na mimi si mtu wa kulia.

Mama alinyoosha mikono. Nasieku akamfungua mtoto, na Mama akafanya ambalo bibi yeyote wa Kikamba angefanya. Alimwita. Alimtazama machoni akamwita kwa jina la baba yake.

Mama mzazi wa Nasieku alimnyakua mtoto yule mikononi mwa Mama. Hakumpokea, alimnyakua, akaingia naye ndani ya nyumba akiinama, na tukasikia akinong'ona kitu huko ndani. Wanawake wengine walikuwa wameinamisha vichwa. Mama alibaki na mikono imenyooka.

Tulikaa vibaya sana baada ya hapo. Baba yake Nasieku, mzee mwembamba mwenye shuka la bluu, alijaribu kutuchangamsha. Nasieku akawa anatafsiri. Alisema yule aliyetapika angefurahi kutuona. Nikauliza, yupi aliyetapika? Nasieku akatabasamu kidogo, akasema, yeye. Siku ya kwanza alipokuja hapa alipewa maziwa haya ya moshi, akayanywa yote kwa adabu, akaenda nyuma ya boma akatapika, akafikiri hakuna aliyemwona, akarudi akaomba mengine. Tangu siku hiyo mzee akampenda.

Mimi nilicheka, kwa sababu alikuwa ni yeye mzima mzima. Mama hakucheka.

"Mwanangu alikuwa luteni," akasema. "Alikufa akiwapigania watu wa huku. Hakuna hata mmoja hapa anayejua jina lake? Aliyetapika?" Na akalitaja, mara mbili, polepole, kama unavyomfundisha mtu. Mzee akatazama chini.

Mjomba akaona ni wakati wa kuokoa jahazi. Akasimama na hotuba yake. Sisi watu wa Kathiani na Kivaa. Tumekuja na miguu yetu. Akalitaja jina lile mwanzoni, akalitaja katikati, na alipofika pale aliposema tunaomba mtoto huyu aitwe hivyo, ili marehemu aamke ndani yake, mzee alikwisha kuinuka. Aliiacha hotuba katikati, akatoka langoni, akaenda zake porini na fimbo yake.

Sijawahi kuuona uso wa Mama ukiwa vile. Nilichokuwa nakiogopa tangu Kathiani kilikuwa kimekaa pale mbele yangu.

"Kimeu," akasema, "fungua mbuzi. Tunaenda."

"Mwaitu, ngoja," nikamwambia, kama tunavyomwita mama kwetu. "Mtoto je?"

"Wamemnyakua mikononi mwangu. Unataka nini kingine?" Akaanza kufunga picha kwenye leso.

Nasieku alipiga magoti mbele yake. Alikuwa analia sasa. Alisema, "Mama, nilipaswa kukuambia kwa simu, nikashindwa. Kwetu jina la mtu aliyekufa halitajwi mbele ya watu wake. Mimi sijalitaja tangu siku ile. Hata usiku, peke yangu. Ukimwita mtoto hivyo, kwetu ni kukiita kifo kije kimtazame. Mama yangu alikimbia naye kumficha. Baba ameondoka ili asikukasirikie, kwa sababu wewe ni mgeni wake na una uchungu."

Mbuzi mweupe akaja akaanza kutafuna pindo la leso, na Mama akamwacha.

"Mwambie mama yako," akasema hatimaye, "mimi nilizika wawili. Huyu wa tatu nilimpa jina la mnyama mchafu, jina la kutupwa, ili kifo kisimtake. Watu walinicheka. Nilikuwa namficha." Akamshika Nasieku mkono. "Mwambie na mimi nilikuwa namficha."

Nasieku akaingia ndani. Hatukusikia walichosema. Kisha mama yake akatoka akiwa amembeba mtoto, akaja akakaa chini kando ya Mama, bega kwa bega, akainua vidole viwili. Kisha akaonyesha nyuma ya boma, kule penye miti. Na yeye alikuwa amezika wawili. Akamweka mtoto kwenye mapaja ya Mama. Mama akamtemea mate kidogo viganjani kumbariki, tunavyofanya kwetu, na yule mwanamke akashtuka, akacheka huku machozi yakimtoka, akamtemea naye. Wanabariki vivyo hivyo.

Mzee alirudi jua likiwa limelala upande. Alimsikiliza mkewe, akakaa, akasema kwa Nasieku, na Nasieku akatupa maneno yake moja moja. Mbuzi atawapokea. Mtoto ni wa yule aliyekufa, na mke ni wake. Lakini jina hawezi kulipokea, kwa kuwa bado ni la aliyekufa. Liacheni lilale. Asilitaje mtu yeyote, hapa wala kwenu. Mtoto akianza kutembea, ataletwa kwa miguu yake hadi kwenu. Huko ni nyumbani kwa baba yake, mtafanya mnavyofanya, na litakuwa jina la mtu aliye hai.

"Kama nitalitaja kabla ya hapo?" Mama akauliza.

Mzee akasema hakuna atakayemfunga mdomo. Yeye alikuwa anamwomba tu.

Mama akamtazama mtoto. "Mwambie nimesikia," akasema. Beberu mweusi akachinjwa, na Mjomba akapewa nafasi ya kumaliza hotuba yake, aliyoipunguza sana.

Kungoja lori

Mzee alitusindikiza mwenyewe hadi barabarani, tukakaa naye chini ya mti wa miiba tukingoja msafara wa kurudi. Nasieku alikuwa nasi kwa ajili ya maneno, mtoto alikuwa amebaki na bibi. Msafara ulichelewa, kama kawaida yake.

Mzee alichora mchanga kwa fimbo. Halafu akauliza, alikuwa mtoto wa namna gani?

Mama alivuta pumzi. Akaanza. Alisema alichelewa kuongea hadi watu wakadhani ni bubu. Alisema aliupenda uji uliolala. Alisema kila akija likizo alikuwa anapiga viatu vya mamake rangi hadi unajiona uso, vile vya shambani pia, na kwamba alilia alipofeli hesabu na hakulia baba yake alipokufa hadi mwaka ukaisha. Alisema mambo ambayo mimi dada yake sikuwa nayajua. Nilikaa nikisubiri jina limponyoke, maana lilikuwa linamtoka hata akiomba chumvi. Lilifika mdomoni mara nyingi. Nililiona likifika. Kila mara alisimama, akameza, akasema "mtoto wangu", akaendelea.

Mzee alisikiliza yote, kichwa chini. Lori lilipoonekana aliinuka, akamshika Mama mkono akamwita neno ambalo sikulijua. Pakine. Nasieku akasema ndivyo anavyoitwa mtu aliyekupa mbuzi, na kuanzia siku hiyo hao wawili wataitana hivyo, hawatatumia majina yao tena maisha yote.

"Pakine," Mama akamjibu. Akapanda lori.

Nyumbani

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu vilevile, na sitaisimulia. Mjomba alishuka Kivaa, na nasikia hotuba yake sasa imekuwa ndefu kuliko mwanzo.

Sasa mnajua. Jumapili ile ya kuwaombea marehemu, katekista alikuwa akisoma majina, na ni Mama aliyemwomba aliruke lile la kwake. Mkakasirika. Mlidhani amemsahau mwanawe, na mimi nilikuwa nimekaa kando yake nikiuona mkono wake ulivyoukamata ubao wa benchi.

Juzi Nasieku alipiga simu kutoka Isiolo. Nikaweka simu kwenye sikio la Mama. Mbuzi mweupe amezaa pacha, Nasieku alisema, na mtoto amemshika yule mbuzi sikio, akajivuta, akasimama. Amesimama peke yake, akaanguka, akasimama tena.

Mama alifungua mdomo. Nililiona jina likija, lote, tangu tumboni. Akajiziba na leso kwa mikono miwili, simu ikanining'inia mkononi mwangu na Nasieku akiita halo, halo. Alikaa hivyo hadi alipoweza. Kisha akaichukua simu.

"Mwambie afanye haraka," akasema. "Nimechoka kulibeba."